Upanga wa babu tuliouita "wa Kijava" na mzee wa Langoni aliyetwambia kwao hasa ni wapi

Assalaam aleikum jamaa. Watu watatu wiki hii wameniuliza ule upanga wa marehemu babu niliupeleka kwa nani Lamu, na kama huyo mtu anajua kweli ama anababaisha tu, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja wacha niandike hapa mara moja. Na nitaandika kirefu manake niliyoyasikia pale si ya kupita nayo hivi hivi.

Nyumbani kwetu Mkomani upanga ule tumeukuta. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari pembeni ya zidaka, umeshika vumbi na chumvi ya bahari, na kila mtu akiuita "upanga wa Kijava". Babu alikuwa baharia wa meli kubwa, akarudi nao miaka ya hamsini, akamwambia bibi kaununua Penang, basi hadithi ikaishia hapo. Mimi ni mtoto wa pekee kwa baba, kwa hiyo baba alipofariki ukaja kwangu, na ndio nikaanza kujiuliza hiki kitu hasa ni nini. Nikiwaonyesha watu kila mmoja ana lake, mara ni kitara cha Kimanga, mara ni wa Kihindi, jirani mmoja akaapa ni upanga wa Kireno. Nawaelewa pia, manake ukiutazama una mpini wa shaba, una kinga ya mkono kama msalaba, na juu kabisa pana kitu kama kikombe cha kahawa kilichofunguka. Kengee yake, yaani lile bamba la chuma lenyewe, ina makali upande mmoja na imepinda kidogo. Kwa mtu wa pwani hiyo inafanana kabisa na vitara tulivyozoea kuona kwenye picha za zamani.

Huyo mzee duka lake liko mtaa wa Langoni hapo Lamu, ndani ya uchochoro mmoja unaotoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kuelekea juu, halina kibao. Mlango ni wa kawaida, ndani kuna vikombe vya kale, saa mbovu, jambia, vyombo vya shaba, makasha, na ukutani nyuma ndio panga zake. Alikuwa baharia kama babu, alifanya kazi kwenye meli ambazo zilikuwa zikishuka Belawan, ile bandari ya Medan kule Sumatra, na anasema ndiko alikoanza kununua visu na panga za wenyeji, kwanza kwa kupenda tu, baadaye akawa anauliza kila muuzaji "hii ya wapi, na ile ya wapi". Miaka yote hiyo anajaza daftari. Daftari nimeliona kwa macho yangu, limechorwa mipini kwa penseli ukurasa baada ya ukurasa.

Nilifika baada ya alasiri. Nikamwamkia, akaniitikia, akanikaribisha kwenye kiti cha ubao, nikaanza kuuchomoa upanga kwenye ala nimuonyeshe kengee. Akanishika mkono. "La, mwanangu, usiutoe alani kwanza. Kengee husafiri, mpini hukaa kwao." Akaniambia nikiweka hilo moja kichwani nimeshapita wengi.

Maana yake ni hii. Kule visiwani chuma kimekuwa kikiuzwa na kubadilishwa kwa mamia ya miaka, kengee za Kihindi, kengee za Kizungu, kengee za mhunzi wa kisiwa cha jirani, mtu anapata kengee nzuri halafu anampelekea fundi wa kwao amtilie mpini na ala. Kwa hiyo ukisoma kengee peke yake unaweza ukasema upanga ni wa Ujerumani kumbe mwenyewe alikuwa Mbatak wa milimani Sumatra. Mpini, ala, mikanda ya ala, michoro, namna msuka, ule mkia wa kengee, ulivyoshikizwa ndani ya mpini, hivyo ndivyo vinavyosema kwao. Hata Kimalei chenyewe, akanambia, ala wanaiita sarung, neno lilelile la nguo, ile saruni tunayojifunga sisi. Upanga unavishwa nguo ya kwao. Na mpini wanauita hulu, yaani kichwa.

Basi kabla hajasema chochote kuhusu upanga wangu akanipitisha kwenye zake, na hapa ndipo nilipoona thamani ya huyu mtu, manake hakunipa jibu akataka pesa, alinifundisha kutazama. Ya kwanza aliyoniwekea ni ya Aceh, kaskazini kabisa ya Sumatra, wanaiita sikin panjang. Nyembamba, imenyooka kama rula, mgongo na makali vinaenda sambamba mpaka karibu na ncha, na mpini ni wa pembe la nyati wa majini uliochongwa mwisho wake ukapanuka kama kwato ya farasi. Mipini mingine ya Aceh hufunguka mara mbili kama mdomo. Ndio panga Waholanzi walizokutana nazo walipoivamia Aceh mwaka 1873, vita vilivyochukua miaka mingi sana, na ndio sababu makumbusho ya Uholanzi yamejaa silaha za Aceh mpaka leo. Ukipanda milimani kwa Wagayo unakuta jamaa yake, amanremu, mpini wa kugawanyika pia, lkn kengee yake inazidi kupanuka kadiri inavyoelekea kwenye ncha. Yaani mpini unakwambia ni ndugu, kengee inakwambia hawakai nyumba moja. Ndio nikamuuliza mbona alisema kengee isiaminiwe? Akacheka, akasema kengee ni shahidi ila usimwite wa kwanza.

Akaniletea picha ya upanga wa Nias, kisiwa kilicho magharibi ya Sumatra. Huu hata mtoto hakosei. Kichwa cha mpini kimechongwa mnyama wa hadithi zao anaitwa lasara, mdomo wazi meno nje, na kwenye ala pamefungwa kitu kama mpira wa henzerani uliojaa hirizi na meno ya wanyama. Halafu mandau ya Wadayak wa Borneo, mpini wa pembe la kulungu wenye nywele, na kengee yake ina siri, upande mmoja imebinuka na upande wa pili imebonyea kidogo, ukipitisha kidole unaihisi. Hii alinipa niishike mwenyewe nifumbe macho, na kweli niliihisi.

Za Kimalei zenyewe ndio zilizonichanganya zaidi, manake neno "Kimalei" ni pana sana, lina Sumatra mashariki, lina rasi ya Malaysia, lina Patani huko kusini ya Thailand. Alinieleza kuhusu keris, kisu chao, ile watu wengi wanaijua kwa kengee yake ya mawimbi, japo nyingi zimenyooka. Keris za Patani na Kelantan ya Malaysia zina mpini mkubwa wa ajabu wenye pua ndefu ambao wenyewe wanaufananisha na ndege mdiria. Ukiona huo hujaona Java, hata muuzaji aape vipi. Kuna mpini mwengine wameupa jina Jawa demam, Mjava mwenye homa, manake umejikunja kama mtu anayetetemeka kajikumbatia, huo umeenea Malaysia na Sumatra. Na keris ndefu iliyonyooka kama upanga mwembamba ni ya Sumatra na rasi ya Malaysia, si ya Java. Akasisitiza pia neno klewang lisikubabaishe, muuzaji akikwambia "hii klewang" hajakwambia kitu, ni jina la jumla la panga za makali upande mmoja, ni kama kumwambia mtu nimenunua "panga" ukaishia hapo. Mpaka Waholanzi walitengeneza klewang zao za kiwandani kwa askari wao, za mwaka 1898, na zinauzwa leo na watu wanaosema ni za wenyeji.

Sasa ndio akaugeukia wangu. Akawasha tochi, akautazama bila kuugusa kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Halafu akasema, "Huu hautoki Java hata siku moya. Huu ni piso podang."

Piso kwa Kibatak ni kisu au upanga, jina la jumla. Podang ndio aina. Na hapa nikaruka nikamwambia mzee nimeshika siri, podang na upanga si neno moja hilo! Akatikisa kichwa. Kimalei pedang, Kiaceh peudeueng, Kibatak podang, hayo ni ndugu wa damu, lkn upanga ni neno letu la kibantu, ndugu yake ni panga la shambani, zimegongana sauti tu. Akasema ndivyo watu wanavyopotea, Sumatra kuna kisu kinaitwa siwar, na sisi hapa tuna siwa ya kupuliza, mtu akisikia tu ameshaandika historia. Nilipenda sana hapo. Mtu mwengine angeniacha nifurahi na ujinga wangu.

Sasa mbona mpini unafanana na wa Kihindi? Swali hili ndilo lililomfanya afungue daftari. Umbo lile la kikombe juu na kinga ya msalaba limefanana na mipini ya India kwa sababu pwani ile ya magharibi ya Sumatra imepokea wageni wa Kihindi na Kiarabu zamani sana. Kuna bandari inaitwa Barus, iko chini ya milima ya Wabatak, na pale limepatikana jiwe la maandishi ya Kitamil la mwaka 1088, la chama cha wafanyabiashara. Walifuata nini? Kafuri. Karafuu maiti jamani! Hii hii tunayotia kwenye maji ya kuoshea maiti, mpaka leo Waindonesia wanaiita kapur barus kwa jina la ile bandari, na miti yake ilikuwa kwenye misitu ya bara huko kwa Wabatak. Mie nilinyamaza kimya kidogo. Babu yangu tumemuosha kwa karafuu maiti na upanga wa watu wa karafuu maiti uko ukutani, na hakuna aliyejua.

Lkn akanionya umbo hilo la mpini linapatikana kwa Waminangkabau, jirani zao wa Sumatra, na Aceh pia, kwa hiyo mpini wenyewe haukutosha, na ndio maana alikataa nisiutoe alani. Ala yangu ni mbao vipande viwili, imebanwa kwa mikanda ya shaba, na chini ya uchafu kuna mchoro wa mizunguko kama mashina ya mmea yanayojikunja. Akafungua picha za nyumba za Wabatak wa Toba, zile za paa lililopinda kama jahazi, kuta zake zimechorwa michoro wanaiita gorga kwa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na nyeusi. Akaweka ala yangu pembeni ya picha. Mizunguko ni ile ile. Na ndani ya mfereji mmoja wa mchoro, kwa kioo cha kukuzia, bado kuna chembe za rangi nyekundu.

Halafu akaniambia usiseme "Batak" ukaridhika. Wabatak wako Wakaro kaskazini ya ziwa Toba, Watoba kusini na kwenye kisiwa cha Samosir katikati ya ziwa, Wasimalungun mashariki, Wapakpak magharibi, Waangkola na Wamandailing huko kusini zaidi, na Wamandailing ni Waislamu wengi wakati Watoba ni Wakristo wengi. Ni kama mtu kusema Mswahili bila kusema ni Mwamu, Mpate, Msiu au Mbajuni, wewe wa hapa utamuona hajamaliza sentensi. Wangu kwa ile gorga anauweka kwa Watoba. Akanionyesha pia tofauti na piso nyengine za Kibatak ili nisije nikadanganywa: ile sanalenggam ambayo mpini wake ni mtu aliyechuchumaa, piso gading ya mpini wa pembe ya ndovu, na ile kubwa kuliko zote, piso gaja dompak, gaja ni ndovu, upanga wa ufalme wa Sisingamangaraja, wafalme wa Watoba. Sisingamangaraja wa 12 alipigana na Waholanzi karibu miaka 30 mpaka wakamuua Juni 1907, na upanga huo uko Makumbusho ya Taifa Jakarta. Mzee aliisimulia hii kwa sauti ya chini na mie niliitika kwa kichwa tu.

Na Penang? Akasema Penang iko ng'ambo tu ya mlango bahari wa Melaka, vitu vya Sumatra vyote vilikuwa vinamiminika sokoni pale, kwa hiyo babu yako hakusema uongo, alikwambieni alikonunua. Nyinyi ndio mlioligeuza kuwa kwao upanga.

Sasa kuna upanga wangu wa pili, na huu unaniuma. Mwaka jana baada ya kushikwa na hamu ya hizi panga nilinunua "piso ya Batak asili ya karne ya 19" kwa muuzaji mmoja wa mji mwengine, sitataja, shilingi 18,000. Nikampelekea mzee siku hiyo hiyo nikiwa na matumaini. Mpini wa mfupa umechongwa maandishi ya Kibatak. Aliushika dakika moja. Kwanza ni mfupa si pembe, ukitazama kwa kioo unaona vidoti vya mishipa ya damu, pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu. Pili weusi wa kwenye maandishi ni wino uliotiwa ndani ya michongo tu, haujaisha pale kiganja kinaposhika, mpini wa zamani umelainika pale pale mkono unapokaa na kwingine haujaguswa. Tatu, akanionyesha pale msuka unapoingia, pana gundi ya kuchanganya, inang'aa. Za kale msuka hushikizwa kwa utomvu uliopashwa moto, mweusi mweusi, kama sandarusi ivi. Ni kitu cha watalii, vinatengenezwa vingi huko Samosir na si kosa la aliyetengeneza, yeye anauza ukumbusho. Kosa ni la aliyeniandikia karne ya 19. Pesa sijarudishiwa.

Kuhusu pembe ya ndovu naomba tuwe makini. Akikwambia mtu ana piso gading anakuuzia, kimbia. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ni kali kweli kweli, na kitu kuwa cha kale hakukufanyi uwe salama bila kibali. Mzee hana hata kimoja dukani na nilifurahi kuona hivo.

Utunzaji: alinigombeza, kwa upole lkn alinigombeza, kwa sababu mama alikuwa anausugua mpini na ala kila Idi kwa ndimu na mchanga ung'are. Rangi ya gorga imeishia hapo. Akasema Wajava wanaosha keris zao kwa ndimu na dawa ya sumu mwezi wa Muharram lkn hiyo ni kengee ya keris yenye chuma cha kuchanganywa kinachotoa michoro, na wanaojua ni mafundi, si kitu cha kuiga jikoni. Podang yangu futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kengee ipake mafuta ya cherehani kidogo sana, mafuta ya nazi yanaoza, na usiuache ndani ya ala miezi yote hii ya kusi na unyevu, mbao inanyonya chumvi na kutu inaanzia humo ndani usikoona.

Bei. Alinichaji shilingi 2,000 kwa ule wa babu na akakataa kuchukua kitu kwa ule wa bandia. Kwa saa mbili na nusu za mtu mwenye ujuzi ule mimi naona ni bure. Ila kuna mambo yanahitaji kurekebishwa na nimemwambia mwenyewe kwa heshima. Haandiki. Ukitaka karatasi ya kusema huu ni upanga gani kwa nini, huipati, mie nilikuwa naandika kwenye simu huku anaongea na mengine yamenipita. Mwanga wa duka ni mbaya, bila ile tochi hatungeona rangi nyekundu. Saa zake hazijulikani, nilikwenda mara mbili nikakuta kumefungwa, na mtu akitoka Malindi kwa basi mpaka Mokowe halafu boti, halafu akute mlango umefungwa, haifai. Jambia za watalii amezichanganya na za kale kwenye meza moja bila alama, ukimuuliza anakwambia ukweli lkn asiyeuliza je? Na picha kwa WhatsApp hatazami kabisa, anataka kitu mkononi, hapo nimemuelewa baada ya kufumba macho na ile mandau.

Nampa nyota nne na nusu. Nendeni baada ya alasiri, si Ijumaa, chukueni upanga ndani ya ala yake kama ulivyokutwa, msiusafishe, na kama mna kitabu cha ubaharia cha marehemu kichukueni pia manake mihuri ya bandari anaisoma. Cha babu nimekipata juzi chini ya kasha la bibi, kina muhuri wa Penang na wa Belawan pia, tofauti ya siku 6. Jumamosi nampelekea.